Vipande vya Kioo: Mafunzo Niliyopata Nikitengeneza Slaidi za Darasani

Mwaka 1994 nilihamishiwa shule moja ya sekondari wilayani Muheza kufundisha bayolojia. Maabara ilikuwa na hadubini mbili, na ni moja tu iliyofanya kazi. Kidato cha Pili walikuwa wanafunzi 84. Piga hesabu: kila mmoja akichungulia kwa dakika moja tu, vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, vinakwisha na wanne hawajafikiwa. Na hata yule aliyechungulia, sikuwa na njia ya kujua ameona nini. Huenda aliona seli ya kitunguu, huenda aliona kiputo cha hewa, huenda aliona kope za jicho lake mwenyewe.

Stoo, juu ya kabati, palikuwa na projekta ya slaidi na boksi la slaidi zilizoletwa na wafadhili miaka ya nyuma. Nilipanguza vumbi, nikachomeka, taa ikawaka. Jioni ile niliwaonyesha wanafunzi mti wa tufaha uliochanua, ua la nchi ya baridi lililopasuliwa katikati, na shamba lililofunikwa na theluji. Walitazama kwa adabu, kimya. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nikajua kwamba chombo ninacho, ila picha zake hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto hawa. Kuagiza nyingine hakukuwezekana kwa bajeti ya shule yetu, na kupiga picha za slaidi kwa kamera na kuzisafirisha zikasafishwe kulikuwa na gharama iliyozidi posho yangu. Nikaanza kutengeneza za kwangu kwa mkono. Haya ndiyo niliyojifunza kwa miaka karibu kumi na mitano.

1. Pima njia ya projekta kabla ya kupima kioo

Slaidi ya kawaida ni mraba wa sentimita 5 kila upande, na tundu lake la picha ni milimita 24 kwa 36. Nilikwenda kwa fundi vioo mjini Muheza nikamwomba vipande 40 vya mraba wa kipimo hicho. "Mwalimu, dirisha la nyumba ya nani hili?" akaniuliza. Nilipomweleza kwamba ni vya kuonyeshea picha darasani, alinikatia kutoka kwenye mabaki yake na akakataa hela. Nikarudi nimebeba boksi zito kama tofali.

Kosa lilikuwa langu. Kioo cha dirisha kina unene wa milimita 3. Mimi nilitaka kubana kitu katikati ya vioo viwili, yaani milimita 6, wakati njia ya slaidi kwenye projekta ile haikuzidi milimita 3. Slaidi ya kwanza niliisukuma kwa kiganja ikanasa. Ilinichukua jioni nzima na bisibisi kuitoa, na kibebea slaidi kikapasuka kona.

Jibu lilikuwa ndani ya maabara yangu mwenyewe. Kioo cha kuwekea vitu kwenye hadubini kina urefu wa milimita 75, upana wa 25 na unene wa 1. Upana ule wa 25 unatosha kuziba tundu la 24. Kinachobaki ni kupunguza urefu ufikie 50, na kila maabara ya shule ina vioo vya namna hiyo vilivyovunjika ncha. Unakwaruza mstari mmoja kwa kisu cha kukatia kioo, unakifunika kwa kitambaa, unakivunja pale kwenye mstari, kisha unasugua kingo kwa msasa ili zisikate vidole. Vioo viwili vya namna hiyo unavibana katikati ya fremu mbili za manila zenye dirisha dogo kidogo kuliko lile la kawaida, nilizoea milimita 22 kwa 34, ili kioo kipate pa kushika. Funga kingo kwa tepu ya karatasi. Usitumie selotepu, maana joto la balbu huifanya itoe gundi.

2. Kitu chenyewe kina nguvu kuliko mchoro wake

Kwa somo la malaria nilitumia usiku mbili kuchora bawa la mbu. Mkono wangu si mbaya, na nilichora vizuri. Asubuhi ya somo, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliniletea mbu aliyekufa ndani ya kiberiti. "Shikamoo mwalimu, huyu nimemkuta kwenye chandarua." Nilimng'oa bawa kwa koleo dogo, nikalibana katikati ya vioo viwili, nikaliweka kwenye projekta baada ya mchoro wangu.

Projekta yetu ilikuwa na lenzi ya milimita 100. Ukiiweka mita 5 kutoka ukutani, picha inakuzwa karibu mara 50. Bawa la mbu lenye urefu wa kama milimita 3 likawa sentimita 15 ukutani, na mishipa yake yote, na madoa meusi na meupe kwenye ukingo wa mbele, wazi kabisa. Waliokuwa nyuma walisimama. Sijasahau sauti ya madawati yale.

Madoa yale ni alama ya anofelesi, mbu anayeeneza malaria. Nilipokuwa nikieleza, mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, na yule wa chooni je?" Nikasema mleteni. Kesho yake nilipokea viberiti 31. Tulitengeneza slaidi za mabawa siku nzima, wanafunzi wakikata manila na mimi nikibana, na mabawa mengi yalikuwa hayana madoa: kuleksi. Kuleksi ni mmoja wa mbu wanaobeba minyoo ya matende na mabusha, maradhi ambayo mtoto wa Muheza hahitaji kufafanuliwa, ameyaona kwa babu yake au kwa jirani. Baadhi walikuwa wameambiwa nyumbani kwamba mabusha yanatokana na kunywa madafu mengi. Tulizungumza juu ya mashimo ya vyoo na maji machafu hadi kengele ikalia, na mazungumzo yakaendelea bwenini.

Tangu hapo nilichora pale tu nilipokosa kitu chenyewe. Bawa la kumbikumbi, ncha ya unyoya wa kuku, nywele ya mkia wa punda na uzi wa kanga vilikaa pamoja katika slaidi moja. Jani la mpera lililoozeshwa majini wiki kadhaa mpaka ikabaki mifupa yake tu. Uzi mmoja wa mkonge. Tone la maji ya chumvi lililoachwa likauke juu ya kioo, likaacha chembe za mraba. Ngozi ya kitunguu iliyotiwa aidini, ingawa hiyo ina unyevu, na ukizidisha dakika moja kioo kinafuka ukungu na ngozi inachemka. Kiumbe hai usimweke kabisa. Joto la taa litamuua mbele ya watoto, na hilo si somo.

3. Filamu ya eksirei ni karatasi nzuri, lakini ilikuwa ya mtu

Kwa michoro na ramani nilihitaji plastiki ngumu, angavu, isiyojikunja kwenye joto. Filamu za zamani za eksirei zina sifa zote hizo. Iloweke kwenye beseni la plastiki lenye maji na jiki. Baada ya muda ule utando mweusi unalegea pande zote mbili, unaufuta kwa sponji, unasuuza, na unabaki na plastiki safi yenye rangi ya buluu hafifu. Filamu kubwa ya sentimita 35 kwa 43 inatoa vipande 56 vya sentimita 5. Kazi hii ifanyike nje, penye hewa, kwa glavu, na jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu. Wanafunzi sikuwaruhusu kuigusa.

Hilo ni la kiufundi. Lililonigusa zaidi ni jingine. Filamu ya tatu niliyoinua nikaiangalia kwenye mwanga, nikaona kifua cha mtu, na pembeni jina. Lilikuwa jina la mzazi ambaye watoto wake niliwafundisha. Sikuwa na haki ya kujua kwamba amepigwa picha ya kifua, na sasa nilijua. Niliikata kona ile palepale. Kuanzia siku hiyo nilichukua filamu zile tu ambazo mganga mfawidhi wa hospitali mwenyewe ameruhusu zitupwe, na kona zenye majina zikatwe kabla hazijatoka hospitalini. Nawasihi walimu wanaofanya kazi hii wasilichukulie jambo hili kuwa dogo. Kile ambacho kwako ni malighafi ya bure ni siri ya mgonjwa.

4. Dirisha ndilo linalosema kweli

Rangi inayopendeza juu ya karatasi inaweza kuwa nyeusi tii ukutani. Penseli za nta, rangi ya maji ya kopo na rangi ya mafuta vinazuia mwanga. Marka peni isiyofutika inapitisha. Njano inapotea. Nyekundu, buluu na kijani vinakaa vizuri, na karatasi ya pipi ile ya nailoni angavu ukiikata na kuibandika inatoa rangi safi kuliko marka yoyote. Kabla ya kuingia darasani inua slaidi dirishani. Utakachokiona hapo ndicho watakachokiona.

5. Masizi ya kibatari

Hili nililipata kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya misheni. Pitisha kioo juu ya moshi wa kibatari mpaka kiwe cheusi sawasawa, kisha chora kwa ncha ya sindano. Ukutani unapata mistari ya mwanga juu ya giza, myembamba kuliko mstari wowote wa kalamu. Makundi ya nyota, mishipa ya fahamu na ramani ya mito vinapendeza ajabu. Masizi yanafutika kwa kidole, kwa hiyo weka ukanda wa manila pembezoni na kioo cha pili juu yake ili vioo viwili visigusane. Gharama yake ni mafuta ya taa ya dakika mbili.

6. Acha mistari bila majina

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu zaidi. Slaidi zangu za mwanzo zilijaa majina ya sehemu, kwa Kiingereza, kama yanavyotakiwa kwenye mtihani, kila jina na mshale wake. Nilijivunia. Lakini nilipowatazama wanafunzi badala ya kutazama ukuta, niliona vichwa vimeinama. Walikuwa wakinakili maneno. Picha ilikuwa mbele yao na hawakuiona.

Siku moja nilikosa muda wa kuandika majina kwenye slaidi ya ua la mwembe, nikaiweka hivyohivyo. Kimya kikapita, kirefu, nikakaribia kukivunja. Kisha msichana mmoja akainuka akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya picha, kivuli cha mkono wake kikaangukia nusu ya ua. "Hiki kina unga. Na hiki hakina." Mwingine akasema kile kisicho na unga kina kitu kama kichwa kinachonata. Katika dakika kumi walikuwa wamezitaja sehemu zote kwa Kiswahili chao wenyewe, na wawili watatu kwa Kisambaa, kabla sijasema neno. Ndipo nikawapa majina ya Kiingereza, na kila jina likapata pa kukaa, kwa sababu kitu chenyewe walikuwa wameshakijua.

Kutoka hapo nilichora mistari tu, ncha zake wazi. Wakati mwingine nilibandika karatasi kubwa za manila ukutani, picha ikaangukia juu yake, na mwanafunzi akafuatisha kwa marka peni. Projekta ikizimwa, darasa linabaki na chati yake, kubwa, sahihi, yenye majina waliyoyaandika wao. Chati za moyo na figo tulizotengeneza kwa njia hiyo zilikaa ukutani miaka mingi, na hata walimu wa shule za msingi za jirani walikuja kuomba kufuatisha za kwao.

Ikilazimu maneno yawemo, tumia rula. Shika slaidi umbali wa rula moja, sentimita 30, kutoka machoni. Ukiweza kuyasoma bila taabu, aliye dawati la mwisho naye atayasoma.

7. Punguza picha, usigombane na jua

Darasa letu halikuwa na vioo madirishani, na jua la Tanga halina mapazia. Tulijaribu magunia, tukajaribu kanga za wanafunzi wa kike zikiwa mbilimbili, na bado picha ilikuwa hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyenizindua. Nikiisogeza projekta kutoka mita 5 hadi 2.5, upana wa picha unashuka kutoka mita 1.8 hadi sentimita 90, eneo lake linakuwa robo, na mwanga uleule ukibanwa kwenye robo unang'aa mara nne. Basi nikaacha kuwaonyesha wote 84 kwa mara moja. Niliwagawa makundi matatu ya 28, kila kundi likakaa kwenye mikeka mbele ya picha ndogo kali kwenye kona yenye giza, na wengine wakiwa chini ya mwembe na viberiti vyao na madaftari ya kuchorea. Wale 28 waliuliza maswali ambayo 84 hawakuthubutu kuyauliza.

8. Vioo viwili vinaweza kusogea

Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa taa ya kuonyeshea picha, alichora mifupa ya mtu inayoinua fuvu lake na kulirudisha. Picha zile zilikusudiwa kuonekana kana kwamba zinakwenda. Nilipojua hilo nilitengeneza vali ya moyo: ukuta wa moyo kwenye plastiki moja, milango ya vali kwenye ukanda mwembamba unaovutwa kwa pembeni. Ukiuvuta, vali inafunguka, ukiusukuma, inafungwa. Nilikuwa nimeeleza kwa miaka kwa nini damu hairudi nyuma, na ukanda ule ulieleza kwa mvuto mmoja.

Mwenzangu wa historia akaomba yake. Tulimchorea tabaka tatu za kupandana: pwani na milima ya Usambara, kisha reli, kisha mashamba ya mkonge. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf alileta mkonge, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Reli ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Alipoweka tabaka ya tatu juu ya ya pili, wanafunzi waliona wenyewe mashamba yamejipanga kando ya reli: Ngomeni, Muheza, Korogwe. Kijana mmoja akasema, "Kumbe babu yangu hakuchagua pa kukaa." Baba yake na babu yake walikuwa wakata mkonge.

9. Alama ya kidole gumba

Slaidi huingizwa kichwa chini. Ishike kama unavyotaka ionekane, tia nukta kona ya chini kushoto, kisha igeuze chini juu ili nukta iwe juu kulia, chini ya kidole gumba chako, unaposimama nyuma ya projekta. Usiamini kumbukumbu, tia nukta.

10. Balbu ni kitu cha thamani kuliko vyote

Balbu yetu ilikuwa ya volti 24, wati 150. Niliwahi kuisogeza projekta ikiwa bado ya moto, waya wa ndani ukakatika, na tukakaa karibu muhula mzima tukisubiri nyingine. Izime taa, liache feni lizunguke mpaka balbu ipoe, ndipo uguse. Balbu mpya isishikwe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakipata joto hufanya kioo chake kipasuke. Tumia leso safi.

11. Masika

Mwaka wa nne nilifungua boksi la viatu lililokuwa na slaidi zaidi ya 200 nikakuta nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa ndani ya vioo. Ngozi za kitunguu, mabawa, mifupa ya majani, vyote vilivyokuwa chakula vililiwa. Nilitupa 60. Niliumia, lakini wiki iliyofuata nilikuwa nimerudisha nusu yake, kwa sababu kila kimoja kiligharimu kipande cha manila na nusu saa, na vingi vilikuwa bora kuliko vilivyokufa. Zilizobaki nikazihamishia kwenye makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vya kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo kila mwezi nilivianika juani.

Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na balbu zikazidi kuadimika. Yetu ilizimika moja kwa moja kabla sijastaafu. Juzi mwalimu kijana aliyechukua masomo yangu alikuja nyumbani. Sasa ana kompyuta na projekta ya kisasa, na picha za mbu anazo nyingi, zimepigwa nchi nyingine na watu wengine. Nilimpa kopo moja. Alichukua slaidi ya bawa, akaiinua dirishani, akaipiga picha kwa simu, akaikuza kwa vidole.

"Mzee, hili limechanika," akasema.

Lilikuwa limechanika kweli, pale pale kwenye madoa. Ilikuwa inaelekea magharibi. Nikatafuta viberiti viwili vitupu jikoni, tukatoka barazani, tukakaa tukisubiri mbu waingie.